Kufuata Mvua ya Kwanza, kutoka Mbagala hadi Kitulo

Mvua za vuli zikianza kushuka Dar es Salaam, kuna ua linalotoka ardhini bila jani hata moja. Jana uwanja ulikuwa vumbi tupu. Leo limechomoza shina nene lenye mabaka ya zambarau, na baada ya siku chache juu yake linafunguka duara la maua madogo mekundu, yamesongamana hadi katikati hapaonekani. Wakazi wa Temeke na Kinondoni wamelizoea. Wengi hulipita tu, na wapo wanaoling'oa wakidhani ni gugu.

Mimi nimekulia Temeke, na ua hili ndilo lililonitoa nyumbani. Nilitaka kuona jinsi mimea ya jamii hii, ile inayolala chini ya udongo ndani ya tunguu na kuamka majira yakibadilika, inavyoishi kwenye joto la pwani na kwenye baridi ya milimani. Basi nikaianza safari na mvua ya kwanza, mlangoni kwetu, nikapanda nayo hadi nyanda za Kitulo. Nimerudi na hamu ya kuwaonyesha wenzangu nilichokiona, maana sehemu kubwa yake iko karibu nao kuliko wanavyofikiri.

Charambe na Vikindu

Nilianzia Charambe, Mbagala, kwa mama mmoja wa Kizaramo anayejulikana mtaani kwa maua yake. Nyumba za huku zimebanana, kibaraza cha huyu kinagusana na ukuta wa yule, lakini yeye amepata bustani ndefu kwa kupanga ukutani ndoo za rangi zilizotobolewa chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kivulini kwanza."

Ndoo moja ilikuwa na shina lile lenye mabaka. Akachukua kisu cha jikoni, akafukua udongo taratibu pembeni mpaka tunguu likaonekana. Lilikuwa jeupe, limefunikwa maganda makavu ya kahawia, na mizizi yake minene imesambaa pande zote. Shingo yake ilikuwa sawasawa na uso wa udongo, haikuzikwa zaidi. Chipukizi la majani lilikuwa ndiyo kwanza linajitokeza ubavuni mwa shina la ua.

"Kipupwe chote siligusi kwa maji," alisema. "Likishakauka majani naiweka ndoo chini ya paa, mpaka vuli. Ukilimwagilia linaoza."

Hapo ndipo ilipo siri ya mmea huu, ambao wataalamu wanauita Scadoxus multiflorus. Ua hutangulia na majani hufuata. Majani hayo yakipata jua na mvua hutengeneza chakula kinachoshuka kwenye tunguu, na hicho ndicho kitakachotoa ua la mwakani. Anayekata majani kwa sababu ua limenyauka anakata ua la mwaka unaofuata. Kuanzia katikati ya mwaka, mvua zikiwa zimekatika na upepo wa kusi ukivuma, majani hukauka na mmea hulala. Unachosubiri ni unyevu na joto kurudi pamoja.

Kabla ya kunikaribisha chakula alinipa maji na sabuni, akasimama kuhakikisha nimenawa vizuri. Tunguu hili lina sumu, na sehemu kadhaa za Afrika watu wamelitumia kuvulia samaki na kupaka mishale. Mbuzi hafungwi karibu nalo, na watoto wa nyumba ile wameonywa tangu wadogo. Kisha tukakaa mkekani, tukala bada la moto na kisamvu kilichoungwa kwa nazi, huku mvua ikipiga bati.

Asubuhi iliyofuata nilishika Barabara ya Kilwa hadi Vikindu, ng'ambo kidogo ya mpaka wa jiji, palipobaki kipande cha msitu wa pwani. Ndani yake maduara mekundu yalikuwa yametapakaa kivulini, mengine peke yake, mengine kwa makundi, juu ya majani makavu yaliyolowa. Hapa ndipo kwao. Mmea huu unapatikana kutoka Senegali hadi Afrika Kusini na kuvuka hadi Yemeni, lakini kwa mtu wa Mbagala kwao kwenyewe ni huku, kwenye vichaka vilivyokuwapo kabla ya nyumba. Nje ya msitu mabango ya viwanja vinavyouzwa yamefuatana barabarani. Katapila likishapita kusawazisha kiwanja, hakuna tunguu linalobaki. Yale ya Charambe yalinusurika kwa sababu mama aliyachukua kwenye eneo lililokuwa linasafishwa, akayapa ndoo.

Kinondoni, kando ya Barabara ya Bagamoyo

Kutoka Temeke nilivuka jiji kwenda Kinondoni. Kuanzia Mwenge kuelekea Mbezi na Tegeta, wauza miche wamepanga bidhaa zao kandokando ya barabara, na humo utakutana na wageni wengi walioshika uenyeji. Yale maua meupe yenye miguu mirefu myembamba, yanayopandwa mbele ya mahoteli na kwenye bustani za maofisi, asili yake ni Amerika ya kitropiki. Yale mekundu makubwa yenye mdomo wa tarumbeta, ambayo kila nyumba ya zamani ilikuwa nayo mlangoni, yametoka Amerika Kusini. Na yale madogo ya waridi yanayofunguka siku chache baada ya mvua kubwa yametoka Amerika pia. Yote yana tunguu, na yote yamekubali hapa kwa sababu kwao nako kuna kipindi cha mvua na kipindi cha ukavu. Yalipofika pwani yetu yalikuta utaratibu unaofanana na wa kwao.

Muuza miche mmoja alinitolea mfuko wa karatasi.

"Dada, haya nimeletewa na mteja, kayatoa Uholanzi. Anataka yatoe maua hapahapa Mbezi. Unasemaje?"

Yalikuwa matunguu ya tulipu, yamejaa mkononi na ganda lake linang'aa. Tulipaswa kuanza na asili yake. Tulipu zilitoka kwenye milima ya Asia ya Kati, zikalelewa na Waturuki wa Dola ya Osmani, na mwaka 1593 mtaalamu wa mimea Carolus Clusius akazipanda katika bustani ya Leiden. Leo kwenye bustani ya Keukenhof, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1950, hupandwa matunguu yapatayo milioni 7 kila mwaka. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya hutuma picha zake kila Aprili, na wengine huku nyumbani hutamani.

Lakini tulipu haiamshwi na joto peke yake. Ndani ya tunguu ua limeshajiumba, dogo sana, na ili shina lake lirefuke sawasawa ni lazima tunguu lipite wiki 12 hadi 16 za baridi, chini ya nyuzi joto 9 hivi. Kwenye milima ya Asia na kule Uholanzi kazi hiyo hufanywa na majira ya baridi. Dar es Salaam usiku wa Julai, wakati sisi tunatafuta shuka, joto huwa nyuzi 18 hivi. Tunguu la tulipu halihesabu hiyo kuwa baridi. Litaoza, au litatoa majani na kibua kilichodumaa kwenye shingo.

Iko njia moja, nayo ni friji. Matunguu hukaa humo wiki hizo zote, kwenye mfuko unaopitisha hewa, mbali na matunda. Hilo la matunda si la kupuuza: embe linaloiva hutoa gesi inayoua ua lililo ndani ya tunguu, na Desemba friji ya Dar es Salaam haikosi maembe. Yakitoka kwenye friji yanapandwa kwenye chungu kivulini, yanachanua kwa siku chache, kisha yamekwisha. Joto halitaliruhusu tunguu kujijaza tena. Kijana alinisikiliza, akafunga mfuko, akasema atamweleza mteja wake ukweli na kumuuzia yale mekundu ya mlangoni.

Jioni nilifika Kunduchi, kwenye magofu. Upo msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, na yapo makaburi yenye nguzo ambayo yaliwahi kupachikwa sahani na bakuli za kauri kutoka China. Watu wa pwani hii walipokea vitu vya mbali kwa karne nyingi, wakachagua vinavyowafaa, wakaviweka mahali pa heshima. Kwenye kichaka kilichozunguka makaburi nililikuta duara langu jekundu, moja tu, limechanua chini ya mbuyu. Lenyewe halikuletwa na jahazi.

Pugu

Mvua iliponyesha tena nilikwenda Pugu. Ardhi huko inaanza kuinuka, hewa inapoa kidogo, na barabara ya kwenda Kisarawe inapita ubavuni mwa msitu. Mwalimu Nyerere alifundisha katika shule ya Pugu mwanzoni mwa miaka ya 1950, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili atumikie TANU. Vilima hivi vina udongo mweupe wa kaolini uliochimbwa miaka mingi, na msitu wake una mimea ambayo huwezi kuiona mbali na misitu hii ya pwani.

Mzee aliyeniongoza alinionyesha mkole, mti ambao chini yake wasichana wa Kizaramo hufundwa. Hatua chache mbele palikuwa na mmea mwingine wa kiazi cha chini: unapanda kwa kujishikiza na ncha za majani yake, na ua lake lina ndimi nyekundu zenye kingo za njano zilizopinda kuelekea juu. Ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Nao una sumu kali, hasa kiazi chake. Mzee aliupita kwa mbali. "Huu unatazamwa tu," alisema.

Nilikaa pale muda mrefu. Sumu ndiyo ngao ya mimea hii. Kiumbe kinachoweka akiba yake yote ardhini mwaka mzima kingekwisha kuliwa na nguruwe na panya kama kisingekuwa na namna ya kujilinda.

Ndani ya treni ya TAZARA

Stesheni ya TAZARA iko palepale Temeke, na reli yake, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa ushirikiano na China, inakwenda kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Kwa anayetaka kuona nchi inavyobadilika kutoka joto la pwani hadi baridi ya nyanda za juu, hakuna dirisha bora kuliko la treni hii. Jua lilipokuwa linazama tulikuwa tunakata mbuga, ambayo sehemu yake sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na twiga walikuwa wamesimama karibu kabisa na reli.

Kulipopambazuka tulikuwa bonde la Kilombero. Mashamba ya mpunga yalikuwa yameanza kushika maji, na kwenye madimbwi kando ya reli yalisimama maua makubwa meupe yenye mistari ya waridi. Hayo ni krinamu, jamaa wa karibu wa lile la Charambe. Tunguu lake hukaa kwenye tope linalopasuka wakati wa kiangazi na kufurika wakati wa mvua, likavumilia hali zote mbili. Kila stesheni wanawake walikuja dirishani na ndizi mbivu, samaki wa kukaanga na wali uliofungwa majanini.

Baada ya Mlimba reli inapanda. Mahandaki na madaraja yanafuatana, na kwenye daraja la Mpanga unatazama chini mita 50 hivi kabla ya kuuona mto. Abiria wakaanza kufungua mabegi kutoa masweta. Makambako tulipokelewa na ukungu na salamu ya "Kamwene" kutoka kwa Wabena waliokuwa wanapakia magunia ya viazi. Tulikuwa nchi nyingine: huku mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba hivi na kuishia Aprili au Mei, na baada yake unafuata ukavu wenye baridi kali.

Chimala na Matamba

Chimala iko chini, kwenye joto la uwanda wa Usangu, nchi ya Wasangu na ya mchele unaosifiwa hadi Dar es Salaam. Kutoka hapo barabara inapanda ukuta wa mlima kwa kona 57, na wenyeji huiita hivyohivyo, Hamsini na Saba. Kila kona inakupunguzia joto. Chini ulikuwa unajipepea. Ukifika Matamba, nchi ya Wawanji, unatafuta moto.

Nilipewa mahali karibu na mafiga, na sahani ya viazi mviringo vya kuchemsha na maharage. Mianzi ilikuwa imeanza kugemwa, na ulanzi ulizungushwa kwa wageni na wenyeji. Hapo ndipo nilipoambiwa habari ya biashara iliyoiweka Kitulo hatarini.

Okidi nyingi za huku zina viazi viwili chini ya ardhi. Kimoja ni cha mwaka uliopita, laini na kimesinyaa, kwa kuwa akiba yake imekwenda kwenye ua. Cha pili ni kipya, kigumu, na kina akiba ya mwakani. Mchimbaji hutaka hicho kigumu. Nchini Zambia viazi hivi husagwa na kuchanganywa na karanga kupata chikanda, chakula kinachopendwa sana sokoni. Okidi zilipopungua huko, wanunuzi walivuka mpaka na kupanda hadi nyanda hizi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba mamilioni ya viazi yalikuwa yanatoka kusini mwa Tanzania kila mwaka. Na ukikichukua kile kigumu umeuchukua mmea wenyewe, maana hauna pengine pa kuanzia.

Kitulo

Asubuhi ukungu ulipopanda, uwanda ulijitokeza. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi, katikati ya milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na udongo wake ni wa volkano. Mwingereza James Frederic Elton alipita huku mwaka 1877, na kwa muda mrefu ramani za kikoloni ziliuita uwanda huu kwa jina lake. Wenyeji wao wanauita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, yenye kilomita za mraba takriban 413, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Ina zaidi ya aina 350 za mimea, na kati yake okidi za ardhini ni aina 45.

Nilitembea huku nyasi zilizolowa zikinigusa magotini. Kulikuwa na okidi za waridi na za njano, gladioli zilizoinamisha vichwa, maua ya buluu yaliyofunguka saa za jua na kufumba jioni, na mashada ya rangi ya moto yaliyosimama wima kwenye mabonde yenye maji. Tandawala walikuwa wanatembea taratibu kati yake. Karibu kila nilichokiona kilikuwa na tunguu, kiazi au shina nene chini ya udongo, na sababu yake ni hali ya hewa. Juni na Julai usiku huku umande huganda, nyasi hukauka, na moto hupita mara kwa mara. Mmea unaoacha sehemu yake hai juu ya ardhi hauna usalama. Unaojificha chini huvuka baridi, ukavu na moto kwa pamoja, na mvua ya kwanza ikidondoka huwa tayari.

Pale ndipo safari nzima ilipokaa sawa akilini mwangu. Tulipu ya Uholanzi inasubiri baridi ipite. Tunguu la Charambe linasubiri ukavu uishe. Okidi ya Kitulo inavumilia yote mawili. Hakuna tunguu lililo bora kuliko jingine. Kila moja limetengenezwa na nchi yake, na likichukuliwa nje ya majira yake linakufa, hata likipewa mbolea na maji ya kutosha. Kwa hiyo sisi wa pwani hatuna sababu ya kununua friji kwa ajili ya maua ya wengine wakati ya kwetu yanachanua bila gharama, mlangoni, kila vuli.

Msomaji uliyeko Temeke, Kinondoni au popote pwani, lile ua jekundu likitoka uani kwako usiling'oe. Likizaa, subiri matunda yawe mekundu, yamenye ukiwa umevaa glavu, uweke mbegu juu ya udongo wenye mchanga bila kuzifukia, kivulini. Zitachukua miaka 3 hadi 5 kutoa ua. Ukiona kiwanja kinasafishwa, omba ruhusa uchukue matunguu kabla ya katapila. Waonye watoto kuhusu sumu, na usiyape matunguu maji wakati wa kipupwe. Na ukijaliwa nafasi, nenda Kitulo kati ya Desemba na Aprili. Tazama, piga picha, nunua viazi vya wenyeji, na kila kilicho chini ya udongo kiache kilipo.